Mashine Iliyokaa Eda

Tangi lisilopumua halitoi mafuta.

Jana mliisikia kwa Chausiku, kapteni wa timu ya netiboli, akimwambia mwenyekiti wa klabu mbele za watu, na mwenyekiti akanywea pale pale. Leo mmenijia mbio mbio kuniuliza imetoka wapi. Mmoja wenu anasema kaambiwa shuleni kuwa ni methali ya madereva wa malori. Malori! Hapa Lugongwe barabara imefika lini? Hata punda wa kwanza kijiji hiki alikuja kwa boti, amefungwa kamba, analia njia nzima. Kaeni chini, na huyo anayechezea simu aiweke mfukoni, maana mimi sirudii. Methali hii haikutoka kwa wahenga wasiojulikana majina. Aliyeisema alikuwa wifi yangu, na siku aliyoisema mimi nilikuwa nimesimama ndani ya maji, kanga imelowa mpaka kiunoni.

Basi ilianza hivi.

Kaka yangu Sudi Almasi alikuwa na boti. Ilikuwa boti ya mbao, ndefu, na nyuma yake imefungwa mashine. Wakati huo mashine kijiji kizima ilikuwa hiyo hiyo moja, wengine wote walikuwa watu wa makasia. Sudi alibeba watu na mizigo kando ya Ziwa Tanganyika, kijiji kwa kijiji, mpaka Kigoma mjini. Mgonjwa wa kwenda hospitali alipanda boti ya Sudi. Bi harusi aliyeolewa huku akitoka kule alikuja na boti ya Sudi. Sikukuu zikikaribia, kuku wote wa mwambao huu walisafiri na Sudi.

Alikuwa mtu wa maneno machache, kaka yangu huyo. Ukimwuliza swali alikutazama kwanza, kisha akajibu nusu. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo kila abiria aliijua. Kabla ya kuvuta kamba ya mashine aliinama, akaweka vidole juu ya kifuniko cha tangi la mafuta, akasema bismillahi kimya kimya. Hapo ndipo alipovuta, na mashine ikaitika. Wazee walimsifu sana kwa jambo lile. Wakasema, tazameni kijana mwenye adabu, hata tangi analisomea.

Nyuma pale karibu na mashine alikaa mkewe, Mwamini binti Kasongo. Boti ya mbao haikosi kuvuja, na kazi ya Mwamini ilikuwa kukumba maji kwa kopo. Watu walimwona hivyo, mwanamke wa kopo basi. Lakini nyie hamjui macho ya mtu anayekaa miaka pembeni ya mwanamume asiyesema. Mwanamke yule alijifunza kwa kutazama. Alijua oili inachanganywaje na petroli. Alijua kile kipira kama yai, kilicho katikati ya mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye mashine, kinabinywa mpaka kiwe kigumu kabla ya kuvuta kamba. Alijua harufu ya mashine iliyonyweshwa petroli kupita kiasi. Hakuna aliyemfundisha hata neno moja.

Sudi akafa. Homa ilimchukua kitandani kwake, ziwa halikuhusika kabisa, na bado wapo watu waliosema ziwa limemchukua. Mtu akishazoea uongo hata msibani anaubeba.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana vijana wa leo hamkuikuta desturi hii. Zamani, hapa kwetu, mwenye chombo akifa, chombo nacho hukaa eda. Ndugu wa marehemu hukiburuta mpaka mchangani, akafunga kitambaa cheupe mbele. Makasia hufungwa pamoja, nanga hufungwa, na chombo kikiwa na mlango au kifuniko hukazwa. Maneno yake yalikuwa haya: kila kinachofunguka, kifungwe. Eda ya mjane ikiisha, ndugu yule yule anakwenda na kufungua alichokifunga, na chombo kinarudi majini.

Ndugu wa kufunga boti ya Sudi alikuwa kaka yetu mwingine, Feruzi. Tumetoka tumbo moja, lakini sitamficha. Feruzi alikuwa na mikono ya nguvu na kichwa kigumu kuliko mikono. Siku ya maziko alikwenda ufukweni, akafunga kitambaa, akaing'oa mashine akaileta nyumbani kwa Sudi isiibwe, akalileta na tangi. Yote yaliyokazika aliyakaza kwa nguvu zake zote, huku anatokwa machozi. Sisemi alikuwa anajifanya. Alimpenda ndugu yake. Ila alikuwa na tamaa, na mtu anaweza kulia na kutamani kwa wakati mmoja.

Mwamini akaingia eda. Eda ni ya dini, mimi sina neno nayo. Lililonichoma ni yale aliyoyaongeza Feruzi juu ya eda, ambayo hayapo kitabu chochote. Mwamini asiulizwe habari za boti. Mwamini asisogelee mashine, ijapokuwa imesimama chumbani kwake mwenyewe. Mtu akija kumpa pole na kumwuliza usafiri utarudi lini, Feruzi alijibu yeye, anasimama mlangoni kama bawabu. Na alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila akija: "Shemeji, boti ile na wewe ni kitu kimoja. Eda ikiisha, vyote mnahamia kwangu."

Siku moja nilikuwepo. Mwamini alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Shemeji, mimi Sudi hakuniacha kama wavu, mpaka mje kunigawana."

"Basi boti huipati," akasema Feruzi. "Mwanamke na mashine, wapi na wapi? Mashine haimtii mwanamke."

"Mashine haijui nani kavaa kanga na nani kavaa suruali," akasema Mwamini, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Mimi nilicheka kwa sauti. Feruzi hakunisemesha mwezi mzima, na nilipumzika kweli kweli.

Eda ikaisha. Ukoo ukakutana, na mkubwa wetu alikuwa baba mdogo, Mzee Maulidi, mtu aliyependa jambo limalizike mapema akalale. Feruzi akasema yake na Mwamini akasema yake. Mwamini alisema boti ile ndiyo sahani ya watoto wa Sudi, na yeye ataiendesha mpaka watakapokua. Wanaume wakacheka chini chini. Mzee Maulidi akakuna ndevu, akaamua. Ijumaa baada ya swala, wote wawili waje ufukweni. Atakayeiwasha mashine, akaenda nayo mpaka Jiwe la Nyani kule ziwani na kurudi, huyo ndiye wa kuishika boti kwa niaba ya watoto. Atakayeshindwa asimsumbue tena mwenzake.

Hebu oneni uamuzi ule. Mwanamke ambaye hajawahi kuachiwa kuvuta kamba ile hata siku moja, aende kushindana nayo mbele ya kijiji kizima. Nikasema, baba mdogo, haki iko wapi? Akaniambia, Sikitu, nyamaza. Nikanyamaza kwa mdomo.

Ijumaa ile ufukwe ulijaa. Hata waliokuwa na nyavu za kutengeneza walizitupa chini. Feruzi akafungua kile kitambaa cheupe, akakikunja, akamkabidhi Mzee Maulidi, na watu wakasema amina. Boti ikasukumwa majini. Mashine ikafungwa nyuma, tangi likawekwa, likajazwa petroli iliyochanganywa mpaka shingoni, kifuniko kikarudishwa.

Feruzi akaanza, maana ndiye mwanamume. Akainama juu ya tangi, akaweka kiganja kizima juu ya kifuniko, akasema bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. Akavuta kamba. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, halafu mashine ikanguruma! Watu wakashangilia. Feruzi akaondoka nayo kifua mbele, ananipungia mkono mimi dada yake. Hakufika hata pale wanapofulia wanawake. Mashine ikakohoa, ikakata.

Akavuta. Akavuta tena. Akafungua tangi kuangalia, akapiga kelele, "Mafuta yamejaa!" Akafunga, akavuta, ikawaka. Watu wakashangilia tena, lakini kidogo. Ikaenda hatua chache, ikakata. Akafungua tena, akafunga, akavuta, ikawaka, ikakata. Mwisho alivuta mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka, na tukaona anarudi kwa kasia, jasho linamtiririka na uso umevimba.

Mwanamume akishindwa hadharani hutafuta wa kumsingizia. Feruzi akamsingizia marehemu. Alishuka akasema, "Jamani, mashine hii inamlilia mwenyewe. Si mmeiona? Inawaka, inakumbuka, inakata. Imekufa na Sudi. Tuing'oe, niipeleke Kigoma nikaitafutie fundi, na ikipona itakaa kwangu."

Na watu, nyie! Watu wazima wenye akili zao wakaitikia. Mmoja akasema kweli, hata ng'ombe wa marehemu hugoma kukamuliwa. Mwingine akasema mashine ile ilizoea dua ya Sudi, sasa nani ataijua dua yenyewe? Nilitamani kuokota mchanga niwatie midomoni.

"Zamu yangu bado," akasema Mwamini.

Akapandisha kanga, akaifunga vizuri, akaingia ndani ya boti. Mimi nikaingia majini nikamshikia boti isiyumbe, maana hakuna mwanamume aliyejisogeza. Naye akaanza kama alivyozoea kuona. Akabinya kipira mpaka kikawa kigumu. Akaweka vidole juu ya kifuniko, akasema bismillahi. Akavuta. Mashine ile ilimpokea kama ilivyompokea Feruzi. Ikawaka, akatoka nayo kidogo huku mimi nimeng'ang'ania ubavuni ndani ya maji, ikakata.

Lo, kicheko kile! Mpaka leo nakisikia. Kuna aliyesema, "Mwambieni akaanike dagaa."

Mwamini hakuwatazama. Alikaa kwanza akaitazama mashine, kama unavyomtazama mtoto anayelia ukatafuta wapi pameuma. Hakuvuta kamba tena ovyo ovyo. Akaniambia, "Wifi, kitu kikiwaka kikazima, hakijafa. Kuna kinachokizuia." Akanusa. Petroli ilikuwa inanuka, maana Feruzi alikuwa ameinywesha mashine kupita kiasi. Akafungua plagi kwa spana ya Sudi, akaipangusa kwa pindo la kanga, akaiacha jua liikaushe. Kisha akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma, akanipa kamba nivute. Nikavuta. Tukaona cheche, ya buluu, nzuri.

"Moto upo," akasema. Akairudisha plagi, akaikaza.

Akamimina petroli kidogo kiganjani aone kama ina maji. Ilikuwa safi. "Petroli ipo na ni nzuri," akasema. Akavuta kamba, mashine ikawaka, ikanguruma pale pale, kisha ikaanza kukohoa. Safari hii hakuitazama mashine. Aliushika ule mpira wa mafuta. Mashine ilipokata, alikuwa ameshika kile kipira kiganjani, na nikaona uso wake umebadilika.

"Wifi, hebu shika hapa."

Nikashika. Kipira kilikuwa kimebonyea, kimenywea kama kokwa la embe lililofyonzwa. Kwa nini kinywee na tangi limejaa? Mimi sikuelewa. Yeye bado alikuwa anafikiri, midomo inamchezacheza.

Wakati ule ule tukasikia maji yanapigwa. Feruzi alikuwa anakuja, spana mkononi, na vijana nyuma yake wa kubeba.

"Inatosha," akasema. "Umejaribu, umeshindwa. Shuka tuing'oe."

Mwamini akasogea nyuma, akaikalia mashine. Naam, aliikalia, akaizungushia mikono nyuma yake. "Ukitaka kuing'oa, ning'oe mimi kwanza."

"Shemeji, usinivunjie heshima mbele za watu!"

"Heshima yako umekuja nayo mwenyewe mpaka huku majini. Irudishe nchi kavu. Baba mdogo hajasema zamu yangu imekwisha."

Feruzi akageuka ufukweni. "Baba mdogo! Zamu yake imekwisha?"

Mzee Maulidi alitaka kusema imekwisha. Nilimwona. Alikuwa ameshafungua mdomo. Nami nikapiga kelele kutoka majini, "Baba mdogo, Feruzi alivuta mpaka mkono ukachubuka, hakuna aliyemhesabia! Mwanamke ndiye wa kuhesabiwa?" Wanawake waliokuwa nyuma wakaguna. Mguno wa wanawake wengi si kitu cha kudharau. Mzee Maulidi akafunga mdomo, kisha akasema, "Mwacheni kwanza."

Feruzi alibaki pale pale majini, spana mkononi, amesimama juu yetu.

Mwamini akaniambia polepole, kama hakuna mtu mwingine pale, "Wifi, fungua kifuniko cha tangi."

Nikafungua. Tangi likafanya *fyuuu*. Nikashtuka nikataka kukiachia. Na kile kipira, nilikuwa bado nimekishika kwa mkono wa pili, kikajaa chenyewe ndani ya kiganja changu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Limetoa upepo."

"Halikutoa, limeingiza. Limevuta pumzi." Macho yalimtoka. "Ndiyo maana kila Feruzi akilifungua kuangalia mafuta, mashine inawaka. Akilifunga, inakata. Mafuta yanatoka, hewa haiingii. Tangi linabanwa kifua." Akashika kifuniko akakigeuza geuza mikononi. "Wifi yangu, Sudi alikuwa anaweka vidole wapi?"

"Juu ya kifuniko. Akisema bismillahi."

"Vidole vilikuwa vinafanya nini?"

Nikafumba macho nimkumbuke kaka yangu. Nikamwona ameinama, midomo inacheza. Na vidole vyake, viwili tu, havikutulia. Vilikuwa vinazunguka.

Nikafumbua macho, naye alikuwa ameshakiona. Juu ya kifuniko kile, katikati, palikuwa na kiskrubu kidogo. Kilikuwa kinaonekana siku zote. Sote tulidhani ni pambo, au ni cha kushikia kifuniko. Sudi miaka yote ile alikuwa anasema bismillahi na huku anafungua hewa, na sisi tukachukua bismillahi tukaacha hewa. Wanaume wa kijiji kizima walisifu dua yake, na hakuna hata mmoja aliyetazama vidole.

Kiskrubu kilikuwa kimekazwa kwelikweli. Mwamini alikizungusha kwa vidole kikagoma. Akafunika kwa pindo la kanga akakamata kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kikalegea. Akarudisha kifuniko mahali pake, kiskrubu kimefunguka, akabinya kipira, akasimama.

"Bismillahi," akasema, safari hii mpaka Feruzi akasikia vizuri.

Akavuta mara moja.

Sijui niwaambieje mlio ule. Niliachia boti kwa sababu iliondoka yenyewe mikononi mwangu. Ikapita pale wanapofulia wanawake. Tukangoja ikohoe. Haikukohoa. Ikapita mitumbwi ya makasia iliyokuwa inarudi na samaki, ikawa ndogo, ikalizunguka Jiwe la Nyani. Mimi nilipiga vigelegele. Nilianza peke yangu, nimelowa, sauti inakwaruza, na sikuona haya hata kidogo. Halafu wanawake wakanipokea.

Alirudi na mashine haijakata. Hakuizima. Akaileta mpaka karibu na ufukwe, akapunguza moto, akasimama ndani ya boti inayotetemeka, na Feruzi bado yuko majini na spana yake.

Feruzi akasema, "Kumbe ni kiskrubu tu! Hiyo ni bahati. Mtu yeyote angekiona."

"Basi mbona hukukiona?" nikamwuliza mimi.

Mzee Maulidi akaja mpaka maji yakamgusa miguu. Alikuwa mzee mwenye usingizi mwingi, lakini siku ile aliamka. Akauliza, "Kiskrubu hicho kakikaza nani?"

Kisha macho ya kijiji kizima, moja baada ya jingine, yakamgeukia Feruzi. Siku ya maziko. Kila kinachofunguka, kifungwe.

"Nilifuata desturi," akasema Feruzi.

"Desturi ina maneno mawili," akasema Mzee Maulidi. "Anayefunga ndiye anayefungua. Leo hapa umefungua kitambaa tu, nikakipokea kwa mikono yangu. Vingine uliviacha vimefungwa."

Hapo ndipo Mwamini aliposema. Hakupiga kelele, lakini mashine ilikuwa inanguruma chini kwa chini, kwa hiyo alisema kwa sauti ya kushinda mashine, na kila mtu alisikia.

"Shemeji, mimi sikulaumu kwa kufunga siku ya msiba. Msiba ni msiba. Lakini ulikaza, ukasahau, kisha ukavuta kamba mpaka ukatoka damu. Ilipokataa ukasema imekufa, ukasema inamlilia mtu. Haikuwa inamlilia mtu. Ilikuwa imebanwa na mkono wako. Na mimi ulinifanyia hayo hayo. Nisiseme, nisiguse, nisiulizwe, na mlangoni umesimama wewe. Halafu mnakaa kikao mnasema mwanamke huyu ataweza nini, hana faida. Mmenipa nafasi gani ya kuwa na faida? Nyote mliocheka, sikieni. Tangi lisilopumua halitoi mafuta!"

Mashine yenyewe ilikuwa inamshuhudia, inanguruma nyuma yake.

Mzee Maulidi akasema boti ni ya Mwamini mpaka watoto wakue, na aliye na neno alimeze. Mwamini hakumshukuru. Alisema, "Wa Kigoma, pandeni."

Watu wakatazamana. Kuona ni jambo moja na kukabidhi roho yako kwa mwanamke mbele ya ziwa ni jambo jingine. Nikapanda mimi wa kwanza, ingawa sikuwa na safari wala nguo kavu. Nikakaa, nikachukua lile kopo, nikaanza kukumba maji. Bado hakuna aliyefuata.

Ndipo watu wakapisha njia katikati, akatokea Mwajabu. Mwajabu alikuwa mke wa Feruzi. Mwanamke mpole, ambaye hata salamu alimwangalia mumewe kwanza ndipo akaitikia. Alikuwa na kapu la dagaa kichwani. Wazazi wake walikuwa Kigoma, na hakuwaona tangu aolewe, kwa sababu kila akiomba aliambiwa safari hiyo haina maana. Akaingia majini na kapu lake, akampita Feruzi karibu kabisa.

"Unakwenda wapi?" akauliza Feruzi.

Akapanda, akaketi, akaweka kapu miguuni. "Kupumua," akasema.

Boti ilijaa baada ya hapo, wengine wakabaki wanagombania nafasi.

Feruzi kaka yangu alibaki pale majini mpaka tukampotea machoni. Baadaye alikwenda mwenyewe Kigoma, kwa kasia, kumfuata mkewe, akamkuta kwa wazazi wake, akaambiwa akae chini azungumze vizuri kwanza. Alizungumza. Walirudi pamoja, na waliporudi walipanda boti ya Mwamini, Feruzi amekaa mbele kabisa, mbali na mashine, anaangalia maji. Akawa mtu mwingine? Nusu. Kichwa chake hakikulainika chote, lakini Mwajabu tangu hapo alikwenda kwao kila alipotaka.

Na Mwamini aliendesha boti ile mpaka watoto wa Sudi wakawa watu wazima. Kila safari aliinama juu ya tangi, akasema bismillahi, akazungusha vidole viwili. Na aliwaonyesha abiria, watoto kwa wakubwa, aliwaita waje waone: dua ni hii, na hewa ni hii, msichanganye.

Sasa mmejua. Huyo mwenyekiti wenu wa klabu kawafungia mipira stoo, anawachagulia watoto wa kike wacheze lini, waseme nini, wavae nini, asubuhi anawakataza mazoezi na jioni anawauliza kombe liko wapi. Chausiku hakumtukana. Alimwonyesha kiskrubu. Na nyie mlionyamaza nyuma yake jana, mliosimama kama wale wanaume wa ufukweni, mrudi leo jioni msimame karibu naye, majini kama mimi, mlowe. Mwenyekiti akiwauliza mnataka nini, mjibuni kwa sauti ya kushinda mashine:

Tangi lisilopumua halitoi mafuta.